"Mná" ya Waayalandi si "mwana" wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti hili, ambayo mwandishi wake, baada ya kutembelea Ayalandi na kukuta neno mná limeandikwa kwenye milango ya vyoo vya wanawake, alihitimisha kwamba neno hilo ndilo mwana wetu, yule yule wa mwanamke na mwanamume, na kwamba kwa hiyo Waayalandi na Wabantu waliwahi kuwa na lugha moja. Sina ugomvi na udadisi wake. Ninachokipinga ni njia aliyoipita, kwa sababu neno alilolichagua, kwa bahati mbaya yake na bahati nzuri yetu wasomaji, ni miongoni mwa maneno ambayo historia yake inajulikana vizuri mno katika lugha za Kikelti, familia ya Kiayalandi na Kiwelisi, na historia hiyo inampeleka mbali kabisa na pwani yetu.

Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya mlango wa namna hiyo. Ilikuwa mjini Galway, magharibi mwa Ayalandi, nilikokwenda kusoma kwa mwaka mmoja. Milango miwili ilikuwa sambamba, mmoja umeandikwa FIR na wa pili MNÁ. Kwa macho ya Mswahili, mlango wa pili ulikuwa kama mtu aliyeanza kuuliza swali akakatizwa: mna nini humo ndani? Wageni wanaojua Kiingereza peke yake hutegwa vibaya zaidi, maana huiona ile F wakadhani ni ya wanawake, na ile M wakadhani ni ya wanaume. Nilimwona mzee mmoja Mmarekani akiusukuma mlango wa MNÁ bila wasiwasi, akatoka upesi kuliko alivyoingia, mikono imeinuliwa juu kuomba radhi.

Mimi niliokolewa na mama mwenye nyumba niliyopanga, ambaye alizaliwa katika vijiji ambako Kiayalandi bado ndiyo lugha ya jikoni. Siku ya kwanza aliniambia kwamba yeye ni bean an tí, yaani mwanamke wa nyumba, na neno hilo la mwanzo alilitamka karibu na "byan". Nilipomuuliza wakiwa wengi huitwaje, alijibu mná tí, na masikio yangu yakasikia "mraa", kwa sababu watu wa upande ule huigeuza n kuwa r inapotanguliwa na m. Kwa hiyo umoja ni bean na wingi ni mná. Hapo ndipo swali lenyewe lilipo, swali ambalo makala haikuliuliza: inakuwaje mwanamke mmoja aanze na b na wawili waanze na m?

Kabla ya kulijibu, nieleze jinsi wanaisimu linganishi wanavyofanya kazi, kwa mfano ambao kila msomaji wa gazeti hili anao mdomoni. Mtu wa Mombasa wa zamani anaposema mato na mtele, wa Unguja husema macho na mchele. Mmoja akisema ndia na moya, mwenzake husema njia na moja. Maneno haya hatuyaunganishi kwa sababu yanafanana. Tunayaunganisha kwa sababu yanatofautiana kwa utaratibu: penye t hii pana ch ile, penye nd hii pana nj ile, na utaratibu huo unarudi neno baada ya neno. Kufanana kwa neno moja moja hakuna uzito. Katika lugha ya Mbabaram ya Waaborijini wa Australia, mbwa huitwa dog, sawasawa na Kiingereza, ilhali neno hilo limetokana na neno refu la huko huko Australia ambalo mwanzo wake ulimezwa. Kiajemi na Kiingereza vyote vina neno bad lenye maana ya ubaya, na hayana undugu wowote.

Sasa tulitazame neno la Waayalandi kwa utaratibu huo. Ng'ombe kwa Kiayalandi ni bó, kwa Kiingereza ni cow, na katika Kisanskriti ni gauh. Kiumbe aliye hai ni beo kwa Kiayalandi na byw kwa Kiwelisi, na jamaa yao ya Kiingereza ni quick, ambalo leo lina maana ya haraka lakini zamani lilikuwa na maana ya kuwa hai. Penye b ya Kikelti, basi, Kiingereza kina k au kw. Tukitafuta neno la Kiingereza linaloanza na kw ambalo lingeweza kuwa ndugu wa bean, tunalikuta mara moja: ni queen, malkia, ambalo katika Kiingereza cha kale lilimtaja pia mwanamke au mke tu, bila taji. Kirusi kina zhena, mke. Kigiriki cha kale kina gyne, na katika lahaja ya Boeotia hutamkwa bana. Kiajemi kina zan. (Niwahi kabla mtu hajaniandikia: zan hii haimo katika jina Zanzibar. Iliyomo humo ni zangi, jina ambalo Waajemi waliwaitia watu weusi wa pwani hii, pamoja na bar, pwani.)

Sauti moja inayoweza kuzaa b huku, kw kule, j na z na zh kwingineko, ni g iliyotamkwa huku midomo ikiviringwa, karibu na gw ya gwaride. Wanaisimu huiandika kwa g yenye w ndogo juu yake, na neno zima la lugha mame, yaani lugha mzazi, ya Kihindi-Kiulaya, familia iliyozizaa lugha zote hizi, hulijenga upya kuwa *gʷen-, likifuatwa na sauti ya kooni ambayo imetoweka karibu kila mahali lakini imeacha alama yake kwa kuigeuza e ya jirani kuwa a. Kinyota kinachotangulia si pambo. Kinamwonya msomaji kwamba neno hilo halikupatikana katika maandishi yoyote, bali limekokotolewa. Mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof alipolichapisha mwaka 1899 pendekezo lake kuhusu sauti za lugha mame ya Kibantu, alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa ajili ya lugha zetu, na mtu anayekubali kwamba mtu wetu, muntu wa Waganda na mundu wa Wakikuyu wana babu mmoja hana sababu ya kukikataa kinyota cha Wakelti.

Katika Kikelti mame, ambacho kwa makadirio ya wengi kilizungumzwa karibu miaka 3,000 iliyopita, midomo ilishinda: gw ikawa b. Neno la mwanamke likawa *benā, wengine wakipendelea kuliandika *bena lenye a fupi. Hilo ni umbo la kiima. Na hapa sarufi ndiyo inayotupa ufunguo wa mlango wa Galway.

Sisi tunaposema nyumba ya mwanamke, neno mwanamke halibadiliki. Kazi yote inafanywa na kiunganishi ya, kinachofuata ngeli ya nyumba. Lugha za kale za Kihindi-Kiulaya zilifanya kinyume, zikalibadilisha neno la mwenye mali lenyewe, na katika baadhi ya majina ya kale kabisa mkazo ulihama pia. Katika kiima mkazo ulikuwa juu ya shina, hivyo irabu e ikabaki hai: *gʷén-. Katika umbo la umilikaji mkazo ulihamia mwishoni, na shina likiwa limenyimwa mkazo likaimeza irabu yake: *gʷn-. Wasomaji wanakijua kitu hiki, kwa sababu muntu alipopoteza u yake isiyo na mkazo alitupa mtu. Kikelti mame kikarithi pande zote mbili: *benā kwa mwanamke, na *bnās kwa "ya mwanamke", na *bnās tena kwa wanawake. Kilipofika Ayalandi, ile s ya mwisho ilidondoka, na b iliyobanwa na n ikavutwa puani ikawa m. Kufikia karne ya 8, watawa wa Kiayalandi walipokuwa wakiandika maelezo yao madogo pembeni mwa vitabu vya Kilatini, neno lilikwisha kuwa ben katika umoja na mná katika wingi, na mná pia katika "ya mwanamke". Leo nyumba ya mwanamke ni teach na mná.

Kwa hiyo m ya mná ni b iliyozeeka, na b hiyo ni gw iliyozeeka. Tuiweke kando ya m ya mwana. Ya kwetu ni kiambishi cha ngeli, mu-, na haina uhusiano wowote na shina. Ukisema wana inaondoka, nafasi yake ikachukuliwa na wa-. Waganda husema omwana na abaana, Wanyarwanda umwana na abana, wasemaji wa Kilingala mwana na bana. Shina lililobaki ni -ana, tunaloliona pia katika kijana, na maana yake katika lugha hizo zote ni mtoto. Uke katika mwanamke haumo katika mwana hata kidogo. Umo katika mke, la sivyo mwanamume naye angekuwa na matatizo. Mwandishi wa makala amelinganisha kiambishi chetu na shina lao, na mtoto wetu na mwanamke wao. Kama kufanana kungetosha, angeweza hata kuchukua bana ya Wagiriki wa Boeotia, mwanamke, akaiweka kando ya bana ya Kilingala, watoto, na angepata mfanano mzuri zaidi ya huo aliouchapisha, usio na maana vilevile.

Naomba nikae kidogo kwenye umbo la tatu, kwa sababu ndilo ninalolipenda. "Ya wanawake" kwa Kiayalandi si bean wala mná, ni ban. Chama cha wanawake kilichoanzishwa Dublin mwaka 1914 kuunga mkono kupigania uhuru kiliitwa Cumann na mBan, na mgeni yeyote hushangaa kwa nini b kubwa imetanguliwa na m ndogo. Hutamkwa "na man"; b imeandikwa lakini haisikiki. Kisa chake ni kwamba kibainishi, lile neno dogo linalofanya kazi ya the ya Kiingereza, katika wingi wa umilikaji zamani kiliishia na king'ong'o, yaani sauti ya puani, na king'ong'o hicho, kabla hakijatoweka, kilipenya ndani ya neno lililofuata. Mswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Ubao ukiwa wengi ni mbao na ubavu ni mbavu, kwa sababu n ya ngeli ilikutana na b na kuwa m. Tofauti ni kwamba sisi tunaitamka b hadi leo, wao wameiacha iliwe na kubakiza mifupa yake katika maandishi. Umbo hilo la ban- ndilo pia wanalolitumia pale sisi tunaposema "wa kike": dia ni mungu na bandia ni mungu wa kike, neno ambalo nilipolisoma mara ya kwanza lilinichekesha peke yangu maktabani, kwa sababu ambazo wasomaji wa Kiswahili watazielewa.

Maumbo matatu ya neno moja, bean, mná na ban, yanaonekana kama fujo, na kwa kweli ni mwanafunzi gani asiyeyalalamikia. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili naye hulalamikia jino na meno. Maneno yanayotumiwa kila siku na kila mtu hayapati nafasi ya kunyooshwa. Watoto huyasikia mapema mno, na mara nyingi mno, hata wakayashika kama yalivyo.

Wapo watakaosema kwamba *bnās ni ndoto ya maprofesa. Mwaka 1983, huko L'Hospitalet-du-Larzac kusini mwa Ufaransa, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua ndani ya kaburi bamba la risasi lililoandikwa pande zote kwa Kigallia, lugha ya Kikelti iliyokufa karne nyingi zilizopita. Ni la karibu mwaka 100 baada ya Kristo. Limejaa majina ya wanawake, likiwataja kwa mama zao na binti zao: matir ni mama, duxtir ni binti. Mwanzoni mwake yapo maneno bnanom brictom, uchawi wa wanawake. Ile bn- ambayo wanaisimu walikuwa wamekwisha kuikokotoa na kuiwekea kinyota ilikuwa pale, imechorwa kwa ncha kwenye risasi, irabu imemezwa kama walivyosema na b bado haijawa m. Tena katika sehemu nyingine ya bamba hilo hilo neno linaonekana likianza na mn-, kana kwamba midomo ya Wagallia nayo ilikuwa imeanza kulegea. Na katika sala ya kale ya Kiayalandi ya kujikinga, ambayo mapokeo humhesabia Mtakatifu Patrick, mwenye kuomba analindwa dhidi ya brichtu ban ocus gobann ocus druad, yaani uchawi wa wanawake na wahunzi na makuhani wa kale. Brictom ya Kigallia na brichtu ya Kiayalandi, bnanom na ban: maneno yale yale mawili yamesimama pamoja katika nchi mbili zilizotenganishwa na bahari na karne kadhaa. Maumbo mawili ya "wanawake" hayalingani herufi kwa herufi, lakini shina lao ni moja.

Welisi imeongeza kioja chake. Huko neno la kale lilibaki kama benyw, wa kike. Baada ya kibainishi, b ya Kiwelisi hulainika ikawa sauti ya v, inayoandikwa f, na m nayo hulainika ikawa sauti hiyo hiyo. Watu waliposikia y fenyw kila siku, wengine walipotaka kulirudisha neno katika umbo lake la mwanzo walikisia vibaya wakarudisha m, na ndiyo maana katika milango mingi ya vyoo kusini mwa Welisi utasoma MENYWOD. Mwanamke wa Ayalandi na wa Welisi wote wawili wanaanza na m mlangoni, shina lao ni moja, na hata hivyo hizo m mbili hazihusiani: moja imetokana na n ya jirani, nyingine imetokana na kosa la kusikia. Ikiwa m hazihusiani hata ndani ya familia moja, sijui tunaipa m ya mwana uzito gani.

Mlango wa pili, FIR, hauna mengi. Ni wingi wa fear, mwanamume, kutoka *wiros, ndugu wa vir ya Kilatini. Hakuna mtu, nashukuru, aliyelipatia jamaa Tanga.

Kama mwandishi wa makala ataweza kutuonyesha lugha ya Kibantu ambayo mwana ndani yake huanza na b au gw katika umoja, au maneno mengine manne au matano ambamo m yetu inakutana na bn ya Kikelti kwa utaratibu unaojirudia, nitaandika barua nyingine ya kumpongeza, na nakuomba uichapishe katika ukurasa huu huu.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Tanga.